Kasuku Aliyelijua Godoro la Recho

Mwalimu Tumpe Mbonile hakuwahi kuacha kisanduku kitupu katika fomu yoyote aliyoijaza. Watu wa Maporomoko, mtaa wa Tunduma ambako anaendesha chekechea ya vyumba viwili, wanalijua hilo vizuri. Humletea fomu zao za vitambulisho, za vikundi vya akina mama, za watoto wanaoanza darasa la kwanza, naye huvaa miwani, huuliza polepole, kisha huandika kwa herufi zilizosimama wima kama zimepigwa rula.

Hafanyi hivyo kwa kujikweza. Mpakani, fomu yenye pengo huleta balaa. Bibi yako mzaa mama alizaliwa wapi? Ukiacha wazi, mtu wa upande wa pili wa meza anainua macho na kukuuliza unaficha nini, kwa kuwa nusu ya mji huu ina bibi aliyezaliwa Nakonde, ng'ambo ya Zambia, mwendo mfupi wa miguu kutoka hapo. Luka, kaka yake Tumpe, alikosa kazi ya maana ujanani kwa sababu ya mstari mmoja kama huo. Aliudharau, akauruka. Tumpe wakati huo alikuwa anamaliza kidato cha nne, binti wa wakulima wa kahawa wa jirani na Mbozi Mission, na alimwona kaka yake akirudi nyumbani na bahasha mkononi. Tangu siku hiyo yeye hujaza kila kitu, na hujaza ukweli mtupu.

Sasa ana miaka hamsini na mbili, na ukweli huo ndio uliomponza.

Mwezi wa pili alikuja chekecheani mwanamume mmoja wa makamo aitwaye Ayoub, mwenye duka la simu karibu na stendi. Shati lake lilikuwa limenyooshwa vizuri, na kwapani alibana kishikwambi kipya ambacho hata karatasi yake ya kiooni ilikuwa haijabanduliwa. Alisema yeye ni wakala wa kampuni ya Dar es Salaam iliyotengeneza programu ya kufundishia watoto kusoma. Ndani yake mlikuwa na kasuku wa kijani aliyeimba silabi na kupiga mabawa mtoto anapopata.

"Bure, Mwalimu," Ayoub alisema. "Kishikwambi bure, masomo bure. Wewe unaandikisha watoto tu."

"Bure kabisa?"

"Kabisa. Kampuni inawapenda watoto."

"Kampuni gani hiyo yenye moyo?"

"Na wewe, Mwalimu! Jambo zuri likija mnaliogopa, baya likija mnalipokea kwa vigelegele."

Tumpe akacheka, akakipokea.

Fomu ilikuwa ndani ya kishikwambi chenyewe. Jina kamili la mtoto. Picha yake. Tarehe ya kuzaliwa. Mtaa. Simu ya mzazi na kazi yake. Mtoto anapenda kula nini. Anaogopa nini. Ana tatizo gani la afya au tabia ambalo mwalimu anapaswa kulijua. Watoto walikuwa thelathini na mmoja. Tumpe alichukua wiki nzima, kila siku baada ya watoto kwenda nyumbani, rejesta upande mmoja na kadi za kliniki upande mwingine. Kwa Makoye, mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka bondeni Momba, aliandika kwamba anapenda soda kuliko chakula. Kwa Ombeni aliandika kwamba baba yake anabadilisha fedha mpakani. Alipofika kwa Recho, alisita kidogo.

Recho ana miaka sita. Baba yake alikuwa utingo wa lori, akafa ajalini njia ya Mbeya, na tangu msiba ule mtoto alianza tena kukojoa kitandani. Mama yake, Stamili, anayepikia madereva chakula pembeni ya foleni ya malori, alimweleza Tumpe peke yake. Walisimama nyuma ya darasa, Stamili amejiziba mdomo kwa pindo la kitenge. Alisema ili mtoto asikemewe akisinzia darasani, maana usingizi wake ni wa kukatika. Tumpe akamshika mkono.

"Limeishia hapa, mama," alimwambia.

Kisha akaliandika kwenye kisanduku: *Anakojoa kitandani tangu afiwe na baba.* Aliliandika kama anavyoandikiwa daktari. Kisanduku kilisema mwalimu anapaswa kujua, na mwalimu alikuwa yeye. Haikumjia kabisa kwamba kuna jicho jingine linasoma.

Mwanzoni kasuku alikuwa na adabu. Mtoto alibonyeza picha ya uso wake, kasuku akamwita kwa jina, wakaanza ba, be, bi. Baada ya majuma mawili matangazo yakaanza kuingia katikati ya silabi. Tumpe aliyachukulia kama ya redio: kinachosikika kwa huyu kinasikika kwa wote. Aliudhika, akaendelea kukoroga uji.

Watoto ndio waliogundua. Kila Recho alipobonyeza uso wake, baada ya silabi chache kilitokea kitanda chenye shuka lililolowa, mtoto wa kuchorwa analia, na chupa ya dawa ya maji inayong'aa kama taa. Makoye akibonyeza, hakitokei. Ombeni akibonyeza, hakitokei. Recho akibonyeza, kinatokea. Watoto wa miaka mitano na sita hawakuhitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

"Kasuku anamjua Recho!" mmoja alipiga kelele. "Anajua anakojoa!"

"Godoro! Godoro!"

Tumpe aliingia na mwiko mkononi. Darasa zima lilikuwa linaruka. Recho alikuwa amesimama katikati, mikono yote miwili imekamata sketi, macho makavu. Hakulia. Kule kutolia kwake ndiko kulikomchoma Tumpe kuliko kelele za wote. Alizima kishikwambi, akawagombeza watoto mpaka wakajikunyata, lakini neno lilikwisha kutoka. Kesho yake Recho hakuja. Keshokutwa hakuja.

Siku ya tatu alikuja Stamili. Kwa kawaida humwamkia Tumpe tangu getini, shikamoo Mwalimu, huku amepiga goti kidogo. Siku hiyo hakuamkia.

"Toka nje, Mwalimu."

Tumpe akatoka.

"Nilikwambia wewe," Stamili alisema. "Nilikwambia wewe, mdomo kwa sikio. Sikuiambia simu."

"Mama Recho, sikumwambia mtu."

"Hukumwambia mtu? Haya, hii ni nini?" Alimsukumia simu kifuani. Ilikuwa meseji. *Mama Recho, usione aibu. Watoto wengi wa miaka 6 hukojoa kitandani baada ya msiba. Bonyeza hapa upate dawa.* "Unajua nani kanisomea? Dereva wa Kizambia! Nilikuwa nakanda unga, simu ikalia, nikampa anisomee nikidhani ni oda ya chakula. Akasoma kwa sauti, meza nzima inasikia. Halafu ananiita mama kwa lugha yao: 'Bamayo, mwana wako anakojoa?' Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na ugali."

"Nisamehe."

"Subiri, sijafika huko. Mtoto amegoma kuja. Anasema kasuku atamsema. Jana kaniuliza kama kasuku anaona mpaka chumbani kwetu. Nimjibu nini?"

Tumpe aliisoma ile meseji upya.

"Nimjibu nini, wewe uliyesoma?"

Stamili akachukua simu yake, akaenda zake bila kuaga.

Mchana ule, watoto walipoondoka, Tumpe alifunga mlango, akachukua kaunta buku, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto aliandika yale aliyoyajaza kwenye fomu. Kisha akaanza kubonyeza nyuso, moja baada ya nyingine, zote thelathini na moja, na upande wa kulia akaandika kilichokuja.

Makoye, anapenda soda: ikaja soda, halafu soda kubwa zaidi, halafu soda yenye zawadi kizibo kikifunguliwa. Ombeni, baba anabadilisha fedha: likaja gurudumu la kubeti linalozunguka, *zungusha ushinde*, kwa mtoto ambaye bado anaandika tano kichwa chini. Mtoto wa kike anayeogopa giza: ikaja taa ya chumbani, na sauti ya mwanamke ikisema kwa upole, "Jua linazama. Mama ameshakununulia?" Mtoto ambaye mama yake amekosa kazi: ukaja mkopo wa haraka, na mkono wa kitoto uliochorwa ukionyesha pa kubonyeza.

Na kasuku mwenyewe. Tumpe alipofunga tangazo kabla halijaisha, kasuku aliinamisha kichwa, akaangusha mabawa, machozi mawili ya bluu yakamtoka. "Umenihuzunisha," alisema. "Mwambie mama." Tumpe, mtu mzima mwenye wajukuu, alijikuta anamwonea huruma. Kisha akaona haya. Kisha hasira ikampanda, akatamani kumnyonga, naye hana shingo.

Alirudia kusoma ukurasa. Upande wa kulia ulikuwa wa wafanyabiashara. Upande wa kushoto wote ulikuwa mwandiko wake. Hofu ya mtoto, ulafi wake, umaskini wa mama yake, msiba wake: yeye ndiye aliyekuwa amewapangia vizuri, kwa mstari, kisanduku kwa kisanduku. Wezi wengi huvunja mlango. Hawa walikuwa wamefunguliwa na kukaribishwa kiti.

Kesho yake alimkuta Ayoub dukani kwake, anabandika kioo cha simu.

"Mwalimu, karibu. Kasuku anaendeleaje?"

"Anatukana watoto."

Alimwonyesha kaunta buku. Ayoub alisoma mistari michache, akasogeza kiti.

"Haya ni matangazo tu, Mwalimu. Ulifikiri bure inatoka wapi?"

"Uliniambia kampuni inawapenda watoto."

"Si inawapenda? Ona inavyowajua." Alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Wa kwako umemwandikisha?" Tumpe aliuliza.

"Nimemwandikisha."

"Kwa jina lake?"

Ayoub aligeuza ile simu, akaitazama mgongoni kana kwamba tatizo liko huko. "Hapana. Niliandika Chausiku wa Mbangala. Na picha niliweka ya paka."

"Kwa nini?"

"Mwalimu, kila mtu anaandika uongo kwenye hivi vitu! Nilijua na wewe utapachika chochote, tumalize. Nani anakaa wiki nzima anajaza ukweli?"

Tumpe alisimama pale, mkono juu ya kaunta. Alijua akifungua mdomo atamtukana mtu huyu matusi ya Kinyiha ambayo hajawahi kuyatamka tangu utoto.

"Kwa hiyo kosa ni langu kwa kusema kweli," alisema mwishowe.

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Jumamosi saa nne utakuja kulisema tena mbele ya wazazi. Usipokuja, nitawaleta hapa, na hapa pana vioo vingi."

Alipotoka alipiga simu Dar es Salaam, namba iliyoandikwa mgongoni mwa kishikwambi. Aliyepokea alikuwa dada mwenye sauti laini, sauti ya mtu aliyefundishwa kutokasirika.

"Mwalimu, ulikubali vigezo na masharti."

"Yako kwa Kiingereza, na hayana mwisho."

"Lakini ulibonyeza nakubali."

"Mama wa mtoto alibonyeza?"

"Mfumo unahitaji mtu mzima mmoja tu, Mwalimu. Ukiona kero, futa programu."

Alifuta programu palepale, amesimama kando ya barabara, vumbi la malori linampiga. Siku iliyofuata Stamili alimtumia mtoto wa jirani na simu, bila salamu. Meseji mpya ilikuwa imeingia. Safari hii si dawa, ni shuka la plastiki, na muuzaji ni mwingine kabisa. Tumpe akapiga tena Dar es Salaam.

"Hao ni washirika wetu," yule dada alisema.

"Mmewapa jina la mtoto?"

"Tunashirikiana nao taarifa, Mwalimu, ili kuboresha huduma."

"Mtoto wa mtu mnashirikiana? Kwani ni sahani ya nyama?"

Yule dada akamshukuru kwa kupiga simu.

Jumamosi wazazi walikuja wengi kuliko siku ya mahafali. Walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Stamili hakukaa, alisimama mlangoni. Tumpe alikuwa ameandaa maneno ya utangulizi, akayaacha.

"Aliyeandika habari za watoto wenu ni mimi," alisema. "Hakuna aliyenilazimisha. Nitawasomea nilichoandika na kilichorudi."

Akasoma, jina kwa jina. Alipofika kwa Recho aliinua macho, akamtazama Stamili mlangoni, akataka kuruka mstari.

"Soma," Stamili alisema. "Mji mzima umeshasikia, wabaki hawa?"

Akasoma. Hakuna aliyecheka.

Abrahamu, baba yake Ombeni, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, aliinuka na kiti chake kidogo kikainuka naye. Akakitoa makalioni kwa hasira. "Ndiyo maana kila nikirudi mtoto ananiuliza, baba leo tumeshinda? Nikadhani anauliza mpira! Wanamfundisha kubeti hajajua hata kufunga kamba za viatu!"

Ayoub aliingia wakati huo. Walimpa kiti kidogo kuliko vyote. Tumpe alimwomba arudie maneno ya dukani, naye akayarudia, kwa sauti ndogo, mpaka akafika kwenye picha ya paka.

"Paka?" alipiga kelele mama mmoja. "Wa kwako ukamficha nyuma ya paka, wa kwetu ukawaanika?"

"Mama, mimi ni wakala tu. Sikuitengeneza."

"Ulijua kuna cha kufichwa," Tumpe alimwambia. "Hilo ndilo ulilokuja kutuuzia ukiwa unalijua. Hukusema neno moja."

Kelele zikazidi, na kama Abrahamu asingesimama kati, Ayoub angetoka bila shati. Lakini hazikuwa zote kwa Ayoub. Baba mmoja alimgeukia Tumpe, akamwambia kwamba mwalimu asiyejua kufunga mdomo wa kalamu yake hafai kuachiwa watoto, akamwondoa mwanawe hapo hapo. Mzazi mwingine akamfuata. Tumpe aliwapa kadi za kliniki na madaftari ya watoto wao bila kujitetea. Alihisi kila neno lile ni la haki, na hasira yake kwa kampuni haikupungua hata chembe kwa sababu hiyo.

Waliobaki waliandika barua. Anayejua kuandika aliandika, asiyejua alimwambia Tumpe maneno yake, akaweka dole gumba. Zilitaka mambo mawili: jina, picha na habari za mtoto zifutwe, kwa kampuni na kwa kila aliyepewa, na waliopewa watajwe. Nakala zikaenda Dodoma, kwenye tume inayosimamia taarifa za watu. Ayoub alitakiwa atie sahihi kama shahidi kwamba hakueleza habari ya matangazo. Alitia, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma.

Kutoka Dodoma walijibu kwamba malalamiko yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Kampuni ilijibu baada ya majuma matatu, mistari minne. Taarifa za watoto zimeondolewa kwenye mfumo wetu. Kuhusu washirika wetu, tafadhali wasiliana nao moja kwa moja. Hakuna hata mshirika mmoja aliyetajwa jina. Tumpe aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Waliwauza watoto kwa watu, kisha wanamwambia akawatafute watu hao mwenyewe, bila kumwambia ni akina nani.

Akaikunja, akaenda kwa Stamili.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana na malori yalikuwa hayasogei. Stamili alikuwa anapakua. Recho alikaa nyuma ya banda, juu ya kiroba cha mkaa, anachambua maharage. Alipomwona mwalimu aliacha kuchambua.

Tumpe alichutama mbele yake, magoti yakalia.

"Recho, kasuku hakujua kitu mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwambia. Mama yako aliniambia siri, nami nikaiandika mahali pabaya. Watoto nimewaambia hivyo hivyo, na nimewaambia atakayekuita lile jina ataniita mimi kwanza. Naomba unisamehe."

Recho aliokota punje mbovu, akaitupa. "Kasuku ameondoka?"

"Ameondoka darasani. Kishikwambi nimekirudisha."

"Amesahau?"

Stamili alisimamisha upawa hewani. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mtoto angekuja kesho yake, mama angeshukuru, na mambo yangeisha.

"Hapana," Tumpe alisema. "Hajasahau. Kuna watu amewaambia, na wote siwajui bado. Nawatafuta."

"Wanaona chumbani?"

"Hapana. Chumbani hawaoni. Wanajua nilichoandika tu."

"Ukiwapata utawafanya nini?"

"Nitataka wafute jina lako, na wanionyeshe wamefuta."

"Na la Makoye?"

"Na la Makoye."

"Utawapiga?"

"Natamani."

Stamili alitoa kicheko kifupi cha puani, cha kwanza tangu siku ile. Recho alichambua maharage kwa muda mrefu. Dereva mmoja aliita akitaka maji, Stamili hakugeuka.

"Nitakuja," Recho alisema. "Lakini nikae karibu na mlango."

"Utakaa unapotaka."

"Kesho atakuja," Stamili alisema. "Lakini Mwalimu, mimi na wewe bado. Siri yangu nyingine hutaisikia."

"Najua."

Simu ya Stamili ililia juu ya meza, kati ya sahani. Akafuta mkono kwenye kitenge, akaitazama, akakunja uso. Hakumpa dereva amsomee. Alimpa Tumpe. Lilikuwa godoro lisilopitisha maji, na muuzaji alikuwa mpya, wa tatu sasa.

Tumpe aliandika jina la muuzaji, tarehe na namba iliyotuma nyuma ya barua ya kampuni, akapigia mstari mara mbili mpaka karatasi ikatoboka.

"Huyu naye," alisema, akaanza kupiga namba ile pale pale, amesimama katikati ya madereva, kwa sauti ambayo meza zote zilinyamaza kuisikiliza.